Nani Anajibu Swali? Historia ya Sheria za Magic na Watu Waliozieleza

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Marekani, kikundi cha marafiki kilikuwa kinajaribisha mchezo wa karata ambao ulikuwa haujafika bado sokoni. Siku moja mmoja wao alienda kumwambia mwenye kuutunga, Richard Garfield, kama kuna karata moja yenye nguvu kupita kiasi: ukiicheza tu, umeshinda. Garfield alishangaa, juu hakukumbuka kuandika karata ya namna hiyo. Aliomba aione. Ilikuwa na maneno machache ambayo kwa Kiswahili chetu ningeyaandika hivi: "Mpinzani anapoteza zamu inayofuata." Garfield alitaka kusema kama mpinzani ataruka zamu moja, atakaa tu akiangalia. Mwenzake alisoma vingine: zamu inayofuata ikifika, mpinzani anapoteza, mechi imekwisha. Sisi wenye kusema "timu yetu imepoteza" kila Jumapili jioni tunawaelewa wote wawili. Karata ilipotoka iliitwa Time Walk, na maneno yalikuwa yamebadilishwa: sasa iliambia mchezaji achukue zamu moja ya ziada baada ya hii.

Ninaanza na hicho kisa juu ndani yake iko kazi yote ninayotaka kuisimulia, kazi ya kujibu maswali ya sheria. Kwenye ukurasa huu tumezoea historia ya wafalme, ya vita na ya mikataba. Mimi agronome naomba ruhusa niwaletee historia ya watu ambao, kwa miaka zaidi ya 30, wanaulizwa "hii karata inafanya nini?" na wanajibu. Usicheke kwanza, mwenzangu. Soma.

Garfield alikuwa mwanafunzi wa doctorat katika hesabu kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, upande wa combinatoire, ile hesabu ya kuhesabu njia ambazo vitu vinaweza kupangwa. Mwaka 1991 alikutana na Peter Adkison, mkubwa wa kampuni ndogo iliyoitwa Wizards of the Coast, ya upande wa Seattle. Alimletea mchezo mwingine, RoboRally. Adkison aliona kuutengeneza kutakula pesa mingi, akaomba kitu kidogo, cha bei nafuu, cha kubeba mfukoni na kucheza haraka. Njo hapo ilitoka Magic: The Gathering, mwezi wa Agosti 1993. Toleo la kwanza, wanaloliita Alpha, lilikuwa na karata tofauti 295, na zilichapishwa karibu milioni 2.6 kwa jumla. Wachezaji wawili wanajifanya wachawi (ni mchezo, msinipeleke kwa pasta), kila mmoja ana uhai 20 na fungu lake mwenyewe la karata alizochagua. Ardhi inatoa nguvu, nguvu inalipia viumbe na uchawi, na wa kwanza kufikisha mwenzake kwenye sifuri anashinda.

Maswali yalianza kumiminika sababu ya mambo mawili. La kwanza ni kanuni ambayo mchezo wote umesimama juu yake: karata ikipingana na sheria, karata inashinda. Kitabu cha sheria kilikuwa kidogo tu, cha kuingia kwenye boksi la karata. Lakini kila karata inakuja na sheria yake mkononi. Na taabu haiko kwenye karata moja. Taabu iko pale karata mbili zinapokutana. Chukua zile 295, uzipange mbili mbili: unapata jozi 43,365. Nani alizijaribu zote? Hakuna. Garfield mwenyewe, na hesabu zake zote, alijua hilo kuliko mtu yeyote.

La pili ni kwamba mwanzoni watu walicheza kwa dau. Kabla ya kuanza, kila mchezaji anatoa karata moja ya fungu lake bila kuchagua, anaiweka pembeni, na mshindi anabeba zote mbili kabisa. Kwa hiyo jibu baya la sheria lilikuwa linakunyang'anya mali. Karata Black Lotus ya lile toleo la Alpha, iliyotunzwa vizuri, iliuzwa kwa mnada mwaka 2021 kwa dola 511,100. Mwaka 1993 hakuna aliyejua bei hizo, lakini mtoto wa miaka 14 aliyepoteza karata yake anayoipenda juu ya koma moja alijua vizuri alichokipoteza.

Ongeza na makosa ya imprimerie. Orcish Oriflamme ya Alpha iliandikwa bei ya nguvu mbili wakati ilipaswa kuwa nne. Cyclopean Tomb haikuandikwa bei hata kidogo. Karata mbili nzima zilisahauliwa, zikaongezwa katika toleo la pili, Beta, mwaka ule ule. Basi swali: mwenye Orcish Oriflamme ya bei mbili mkononi, je, analipa mbili au nne? Karatasi inasema mbili. Nia ya mwandishi inasema nne. Yeyote aliyewahi kubishana na assistant juu ya kosa lililo ndani ya syllabus anajua hiyo vita.

Majibu yalitoka wapi? Wachezaji walipiga simu kwa kampuni. Wengine waliandika kwenye Usenet, yale mazungumzo ya kompyuta za vyuo vikuu kabla intaneti ya leo haijaenea. Huko kampuni ilikuwa na mtu wake, Tom Wylie, aliyejibu kwa jina la kampuni. Nikitafuta neno la kumweleza kwa wanafunzi wa hapa, nasema alikuwa CP. Chef de promotion si professeur, hakutunga kozi, lakini yeye njo anapokea swali kutoka kwa watu 200, analipeleka ofisini, analeta jibu, na jibu likishatoka kwake limekuwa sheria ya promotion. Tofauti iko hapa: jibu la Wylie lilibaki limeandikwa. Wapenzi wa mchezo waliyakusanya hayo majibu, wakayapanga karata kwa karata, na mtu wa mji mwingine aliyepata tatizo lile lile alisoma jibu lile lile. Kuanzia 1994 hata gazeti la kampuni, The Duelist, lilichapisha maswali na majibu.

Niruhusuni nitoke kidogo nje ya mchezo. Sisi wa agronomie tunasoma sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 389 kinasema haki za watu juu ya ardhi za mila zitapangwa na ordonnance ya Rais wa Jamhuri. Hiyo ordonnance imengojewa kwa makumi ya miaka. Mkulima akiuliza "shamba la baba yangu ni langu?", chef wa kijiji ana jibu lake, ofisi ya cadastre iko na lake, tribunal iko na lake ingine, na kila jibu liko na bei yake. Sheria yenye shimo si ajabu, kila sheria iko na mashimo. Watu wa Magic walikuwa na mashimo elfu arobaini na zaidi. Lakini palikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa, na jibu lilikuwa moja kwa wote, na lilitoka bure.

Kuna karata moja ambayo hakuna jibu lililoiweza. Inaitwa Chaos Orb. Unaiangusha juu ya meza kutoka urefu wa sentimeta 30 hivi, inapaswa kujigeuza angalau mara moja hewani, na karata zote inazozigusa ikitua zinaharibiwa. Watu walianza kutandaza karata zao mbali mbali kwenye meza yote. Swali: inaruhusiwa? Halafu kuna hadithi, ambayo kila mchezaji wa zamani anaisimulia kama jambo alilosikia kwa rafiki wa rafiki, ya kijana aliyeipasua Chaos Orb yake vipande vipande akavinyunyiza juu ya karata za mpinzani. Karata haikusema ni marufuku kuipasua! Mwaka 1998 kampuni yenyewe ilicheka na hiyo hadithi, ikatoa, katika toleo la mizaha lililoitwa Unglued, karata Chaos Confetti inayokuagiza uipasue kweli kweli.

Sasa tufike mwaka 1999, ambao kwangu njo mwaka mkubwa kuliko yote katika historia hii.

Kabla ya hapo sheria zilikuwa zimekua sawa vile kijiji bila mpango. Kulikuwa na uchawi wa kasi tofauti. Aina moja, iliyoitwa interrupt, haikuweza kujibiwa isipokuwa na interrupt mwenzake. Kiumbe kikizuia shambulio halafu karata yake ikalazwa ubavu, alama kwamba kimetumika, hakikuumiza tena. Na mchezaji akifikisha uhai sifuri alikuwa hajakufa bado. Alikuwa anakufa mwisho wa kipindi kile cha zamu. Katikati hapo angeweza kujiongezea uhai akarudi kwa wazima. Mwenye kujibu maswali alilazimika kukumbuka haya yote, pamoja na kila karata iliyopewa ruhusa yake ya pekee.

Toleo la Sita, lililotoka mwaka huo, lilifuta interrupt na kuleta kitu ambacho wanaocheza kwa Kifaransa wanakiita pile. Mimi nakiita rundo. Fikiri sahani: unaosha, unaweka moja juu ya ingine, na ya kuondolewa kwanza ni ile ya juu, ya mwisho kuwekwa. Nina kiumbe cha nguvu 2 na ukakamavu 2. Unanitupia Lightning Bolt, radi ya maumivu 3. Kabla haijatua, mimi najibu na Giant Growth, inayoongeza 3 kwa 3. Yangu iko juu ya rundo, inafanya kazi kwanza, kiumbe kinakuwa 5 kwa 5, radi inakipiga, kinabaki kizima. Geuza sasa: mimi nimetangulia kucheza Giant Growth, wewe unajibu na radi. Radi iko juu, inatua kwanza, kiumbe kinakufa na 2 zake. Giant Growth inafika kwenye maziko.

Karata ni zile zile mbili na majibu ni mawili, lakini hakuna anayehitaji kupigia mtu simu. Hiyo njo maana ya 1999. Kabla yake mwenye kujibu alikuwa kama mzee wa mila, thamani yake ni kukumbuka kesi zilizopita. Baada yake alikuwa kama mtu wa hesabu: hata karata ambayo hajawahi kuiona, anafuata hatua na anafika. Watu walilalamika, walisema mchezo umekufa. Walisema hivyo tena mwaka 2009, wakati kampuni ilipofuta sheria ya kuumizwa na nguvu ambayo hukuitumia. Mchezo uko mzima hadi leo.

Lakini ule mwelekeo ulileta jambo lingine ambalo, kwa mimi, haliko tamu sana. Maandishi rasmi ya kila karata yalihamia kwenye orodha moja ya kampuni, inayoitwa Oracle, kwa Kiingereza. Tangu hapo sheria si yale maneno uliyo nayo mkononi. Ni yale yaliyo kwenye Oracle leo asubuhi. Mfano wa Time Vault unauma. Hiyo karata ya 1993 inakupa zamu ya ziada ukiilaza, lakini ili isimame tena unapaswa kutoa zamu yako moja. Wajanja waligundua kama karata zingine zinaweza kuisimamisha bila kulipa hiyo zamu. Kampuni, badala ya kuizuia tu, ilibadilisha maana yake, halafu ikaibadilisha tena, mara kadhaa, hadi mwaka 2008 ilipoirudisha karibu na ilivyoandikwa mwanzoni. Kwa miaka mingi mtu aliyesoma Time Vault yake vizuri, neno kwa neno, alikuwa amesoma uongo.

Na mwenye karata isiyo ya Kiingereza? Magic ilianza kuchapishwa kwa Kifaransa mwaka 1994. Mimi mwenyewe niliujua mchezo kwa karata za Kifaransa, boksi moja ambalo binamu yangu wa Liège aliliacha kwetu alipokuja kwa likizo. Pale Kiingereza kinaposema karata ilazwe, Kifaransa kinasema "engager", na sisi kwa meza tulisema "lalisha". Kwa hiyo tulikuwa tunacheza kwa Kiswahili, tunasoma kwa Kifaransa, na jibu la mwisho liko kwa Kiingereza. Kati ya wanne tuliocheza, mmoja tu alikuwa anasoma Kiingereza vizuri. Basi huyo alikuwa arbitre hata kama naye alikuwa mchezaji. Hakuna aliyemchagua. Lugha ilimchagua. Wasomaji waliosoma droit wataniambia kama hata huko mambo yako hivyo hivyo, na sitabishana nao.

Kwenye turnua kubwa, arbitre ni mtu mwingine kabisa. Mashindano ya kulipwa, Pro Tour, yalianza New York mwezi wa Februari 1996, na palipo na pesa panahitajika mwamuzi aliyepimwa. Kampuni iliweka mitihani na ngazi. Majaji walijifunza sheria ambazo leo, zikichapishwa zote, zinapita kurasa 200. Walisafiri, walisimama siku nzima kati ya mamia ya meza. Mtu akiinua mkono, wanakuja, wanasikiliza pande mbili, wanajibu. Malipo? Mara nyingi karata. Kulikuwa na karata za kung'aa zilizochapishwa kwa ajili ya majaji tu, na wengi waliziuza ili warudishe pesa ya safari. Mwaka 1999 kampuni ilinunuliwa na Hasbro kwa dola karibu milioni 325. Mwaka 2015 na 2016 majaji kadhaa wa Marekani walipeleka kampuni tribunal, wakisema hii ni kazi, na kazi iko na mshahara. Mwaka 2019 kampuni ilijitoa katika kuendesha majaji, kazi ikaenda kwa shirika lingine, Judge Academy, ambapo sasa jaji njo alikuwa analipa michango ya kila mwaka. Hilo nalo lilifungwa kabla ya kumaliza miaka mingi. Wasomi wenzangu tuliofanya stage bila hata pesa ya moto tunajua kusoma hiyo hadithi bila mkalimani. Ujuzi wako unasifiwa sana siku wanapotaka uutoe bure.

Hata hivyo waliendelea kujibu. Na maswali yaliendelea kuwa magumu. Maarufu kuliko yote ni la karata mbili: Humility ya 1997, inayosema viumbe vyote vinapoteza uwezo wao na vinakuwa 1 kwa 1, na Opalescence ya 1999, inayofanya uchawi mwingine wa kudumu uliopo mezani uwe viumbe, kila kimoja na nguvu sawa na bei yake. Humility bei yake ni 4. Zikikaa pamoja, Opalescence inafanya Humility kuwa kiumbe. Lakini Humility inanyang'anya viumbe vyote uwezo, basi inajinyang'anya yenyewe. Kama haina uwezo, nani amenyang'anya? Mbwa anakimbiza mkia. Jibu la leo linatoka kwenye mfumo wa tabaka saba: kwanza aina ya karata, baadaye uwezo, mwisho nguvu, na kitendo kilichoanza katika tabaka moja kinaendelea hadi mwisho hata kama chanzo chake kimekatwa katikati. Kwa hiyo Humility inabaki kiumbe kisicho na uwezo, viumbe vingine vinabaki 1 kwa 1, na yenyewe ni 1 kwa 1 au 4 kwa 4 kufuatana na ipi kati ya hizo mbili ilifika mezani mwisho. Nilirudia hiyo hesabu kwenye daftari mara nne kabla ya kuikubali, na ninakiri kama ilinifurahisha kuliko statistique ya mwaka wa pili.

Kumbe kuna maswali ambayo hata tabaka saba haziyafikii. Mwaka 2019 watafiti watatu, Alex Churchill, Stella Biderman na Austin Herrick, walionyesha kwamba unaweza kupanga karata za Magic mezani, kwa sheria halali za turnua, hadi mchezo ufanye kazi kama kompyuta. Karata zinajiendesha zenyewe, wachezaji hawana tena uchaguzi, kila hatua ni ya lazima. Na kwa kompyuta tunajua tangu Alan Turing, mwaka 1936, kama hakuna njia moja ya kuhakikisha, kwa kila programu, ikiwa itasimama au itazunguka milele. Basi hakuna njia moja ya kujua, kwa kila meza ya namna hiyo, nani atashinda. Sheria ziko wazi kabisa, kila hatua iko na jibu lake. Jibu la mwisho njo halipatikani.

Jaji akiitwa kwenye meza hiyo, atasoma karata zote, atathibitisha hatua iliyopo ni sahihi, na inayofuata, na inayofuata. Halafu ataangalia saa. Kwa miaka mingi raundi ya turnua imekuwa dakika 50. Zikiisha, wachezaji wanapewa zamu 5, na kama bado hakuna mshindi, anaandika sare na anaenda kwa meza ingine yenye mkono juu.